Kisukari cha mimba: Tusingoje mtoto wa kilo tano

KATIKA miji yetu, mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu au tano watu hufurahi. Mashangazi humpokezana, majirani humsifu, na baba huambiwa kuwa amemlisha mkewe vizuri. Ni furaha ya haki, kwani mtoto ni neema. Lakini mara nyingine uzito ule huwa ni barua ambayo haikusomwa kwa wakati wake. Barua hiyo inasema kuwa damu ya mama ilikuwa na sukari nyingi kwa miezi kadhaa, na hakuna aliyeipima.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa kisukari cha mimba. Ni sukari kupanda katika damu ya mwanamke wakati wa ujauzito, ingawa kabla ya hapo hakuwa mgonjwa wa kisukari. Katika miaka ishirini hivi iliyopita wataalamu wameifanyia majaribio mengi makubwa, na majibu yake yanamhusu moja kwa moja kila mwenye mke, binti au dada. Ni vema basi tukayajua, kwani mengi kati ya hayo hayahitaji hospitali kubwa wala fedha nyingi.

Inakuwaje?

Mimba inapokua, kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie insulini kama kawaida. Hilo lenyewe si ugonjwa. Ni utaratibu aliouweka Muumba ili mtoto apate sukari ya kutosha kukulia. Kongosho la mama likiweza kuzalisha insulini zaidi, mambo huenda sawa. Likishindwa, sukari hubaki juu.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi anafaa alielewe. Sukari ya mama hupita kwenye kondo na kumfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipiti. Daktari Jørgen Pedersen wa Copenhagen, Denmark, alilieleza hilo tangu miaka ya 1950. Mtoto anayepokea sukari nyingi hulazimika kutengeneza insulini nyingi yake mwenyewe, na insulini hiyo humjaza mafuta, hasa mabegani na kifuani. Siku ya kuzaliwa kichwa hupita lakini mabega hukwama. Na kitovu kikishakatwa, sukari kutoka kwa mama hukoma ghafla ilhali insulini ya mtoto bado ni nyingi, hivyo sukari yake huporomoka ndani ya saa chache. Mtoto aliyeonekana shujaa kwa uzito wake anaweza kulegea na hata kupata degedege. Mama naye huwa katika hatari zaidi ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba, na hatari ya kufanyiwa upasuaji.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hali hii haina dalili. Kiu, uchovu na kukojoa mara kwa mara ni mambo ambayo kila mjamzito huyalalamikia, na kila bibi anayo tafsiri yake. Kipimo cha mkojo, ambacho ndicho wengi wanachokifahamu, hakitoshi. Wakati wa ujauzito figo huweza kupitisha sukari kwenye mkojo hata kwa mwanamke mzima, na mwenye kisukari cha mimba anaweza kuwa na mkojo safi kabisa. Kipimo cha kutegemewa ni cha damu, tena baada ya kunywa maji yenye glukosi iliyopimwa, kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Je, ni ugonjwa wa wenzetu?

Wapo wanaosema kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri. Zamani pengine ilikuwa rahisi kuamini hivyo. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanywa vijijini Tanzania, ambao haukuona kuwa mimba iliuzidishia mwili wa mwanamke ugumu wa kuihimili sukari. Lakini mwaka 2014 ukachapishwa utafiti mwingine wa wajawazito 910 wa Tanzania, wa mjini na wa kijijini. Kijijini aliyekutwa na kisukari cha mimba alikuwa mmoja tu katika kila mia. Mjini walikuwa zaidi ya wanane katika kila mia.

Tutafakari hesabu hiyo. Ni nchi moja, na ni wanawake wa asili moja. Kilichotofautiana sana ni maisha. Mwanamke wa mjini anapanda daladala kwenda asikokwenda mbali, anakaa dukani au ofisini kutwa, anakunywa soda kwa kuwa maji hayaaminiki, na jioni chakula chepesi kupatikana ni chipsi. Nyumbani chai ina vijiko vitatu vya sukari, na akishika mimba anahimizwa ale kwa ajili ya watu wawili. Maradhi haya hayakuja na ndege. Yamekua humu humu mitaani kwetu.

Matibabu yanasaidia kweli?

Swali hili lilikuwa gumu hata kwa madaktari. Kwa muda mrefu walibishana kama kumtibu mwanamke mwenye sukari iliyopanda kidogo kunaleta faida, au kunamtia hofu bure. Jibu lilitoka hasa Australia, katika jaribio lililoandikisha wanawake kuanzia 1993 hadi 2003 na kuchapishwa 2005. Wanawake 1,000 wenye kisukari cha mimba kisicho kikali waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja la 490 lilipewa ushauri wa chakula, likafundishwa kupima sukari, na likapewa insulini pale ilipobidi. Kundi la pili la 510 liliendelea na huduma ya kawaida ya kliniki.

Katika kundi la huduma ya kawaida, watoto wanne katika kila mia walipatwa na madhara makubwa: kifo, mabega kukwama, kuvunjika mfupa au kuumia mishipa ya fahamu ya mkono. Katika kundi lililotibiwa alikuwa mmoja katika mia. Watoto watano walifariki katika kundi la kawaida. Katika kundi lililotibiwa hakufariki hata mmoja. Watoto wenye uzito wa kilo nne au zaidi walikuwa 21 katika mia upande mmoja, na 10 katika mia upande wa pili.

Miaka minne baadaye, mwaka 2009, Marekani nao walichapisha jaribio la wanawake 958 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kidogo tu. Kwa haki lazima isemwe kuwa, kwa jumla ya madhara waliyoyapanga kuyahesabu kwanza, makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Lakini watoto wenye uzito mkubwa walipungua kutoka 14 katika mia hadi 6, mabega kukwama kukapungua kutoka watoto 4 katika mia hadi mmoja na nusu, na upasuaji pia ukapungua, pamoja na shinikizo la damu la ujauzito.

Lililo muhimu zaidi kwetu ni hili. Katika jaribio la Australia, wanawake waliohitaji insulini walikuwa kama 20 tu katika kila mia ya waliotibiwa. Waliobaki walitibiwa kwa sahani na kwa kipimo. Kwa hiyo mtu anayesema kuwa matibabu ya maradhi haya ni ya wenye fedha, hajaangalia matibabu yenyewe ni nini.

Sindano na vidonge

Wanawake wengi huogopa insulini. Utasikia, "Ukianza sindano hutoki." Kwa kisukari cha mimba si hivyo. Kwa wengi sukari hushuka mara baada ya kujifungua, na sindano husimama siku hiyo hiyo. Tena kwa kuwa insulini ya mama haimfikii mtoto kwa kiasi cha kumdhuru, ndiyo dawa iliyoaminiwa kwa muda mrefu zaidi.

Shida ya insulini ni gharama na haja ya mahali pa baridi pa kuihifadhi, na umeme wetu tunaujua. Ndiyo maana jaribio lililochapishwa 2008 kutoka New Zealand na Australia lilipokewa kwa hamu. Wanawake 751 waligawanywa, nusu wakapewa vidonge vya metformini na nusu insulini. Madhara kwa watoto wachanga yalikuwa sawa, yaani 32 katika mia kila upande, na wanawake wenyewe walipendelea zaidi vidonge. Hata hivyo karibu nusu ya waliopewa vidonge, 46 katika mia, walilazimika kuongezewa insulini, na waliojifungua kabla ya siku kutimia walikuwa wengi kidogo upande wa vidonge. Metformini hupita kwenye kondo, kwa hiyo huo ni uamuzi wa daktari na mgonjwa wake. Si dawa ya kununua duka la dawa kwa ushauri wa jirani.

Mstari uchorwe wapi?

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2008, uliohusisha zaidi ya wanawake 23,000 katika nchi tisa, ulionesha kuwa hakuna mahali ambapo sukari inageuka ghafla kutoka salama kuwa hatari. Kadiri inavyopanda, ndivyo hatari inavyopanda nayo. Katika nchi hizo tisa hapakuwa na hata moja ya bara letu. Kutokana na utafiti huo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2013 liliweka kiwango kipya: milimoli 5.1 kwa lita au zaidi kabla ya kula, 10.0 saa moja baada ya glukosi, au 8.5 baada ya saa mbili.

Wengine wakauliza kama mstari huo haukushushwa mno. Jaribio la New Zealand la mwaka 2022, la wanawake zaidi ya 4,000, lilikuta kuwa kwa mstari wa chini walioitwa wagonjwa walikuwa 15 katika mia, na kwa mstari wa juu walikuwa 6 katika mia, lakini idadi ya watoto wakubwa kupita kiasi ikawa ile ile katika makundi yote mawili. Hata hivyo, kwa wale wanawake waliokuwa kati ya mistari miwili, waliotibiwa walipata watoto wakubwa wachache zaidi.

Msomaji asichanganyikiwe na mjadala huu. Wenzetu wanabishana kuhusu mstari kwa sababu tayari wanapima kila mjamzito. Sisi bado wengi wetu hatupimwi kabisa. Anayebishania urefu wa ukuta ni yule aliyekwisha kujenga msingi.

Je, inazuilika?

Hapa utafiti umetoa majibu yenye mchanganyiko, na ni vema kuyasema yalivyo. Uingereza, mwaka 2015, jaribio la wanawake wanene 1,555 waliofundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi halikupunguza kisukari cha mimba. Waliofundishwa walikuwa 25 katika mia, wasiofundishwa 26. Lakini China, mwaka 2017, wanawake 300 wenye uzito mkubwa waligawanywa, na nusu yao wakaendesha baiskeli ya mazoezi angalau nusu saa, mara tatu kwa wiki, tangu miezi mitatu ya kwanza. Waliopata kisukari walikuwa 22 katika mia, na wale wasioendesha 41 katika mia.

Kwa nini huku ilifaulu na kule haikufaulu? Tofauti mojawapo inayoonekana ni wakati. Wanawake wa Uingereza walianza kati ya wiki ya 15 na ya 18. Wale wa China walianza mapema zaidi, kondo likiwa bado changa. Tena hawakupewa mawaidha tu, bali walipanda baiskeli kweli.

Kwa upande wa chakula, Hispania mwaka 2017 walichapisha jaribio la kuwapa wajawazito chakula cha watu wa pwani ya Mediterania: mboga, matunda, samaki na jamii ya kunde, pamoja na mafuta ya zeituni na njugu za pistachio. Kisukari kilipungua kutoka 23 katika mia hadi 17. Hakuna aliyepima jambo hilo kwa maharage, dagaa na korosho zetu, kwa hiyo tusitangaze miujiza. Lakini mtu akiitazama sahani ile ataona kuwa mbaazi, mchicha na samaki wa Feri wako karibu nayo zaidi kuliko chipsi mayai na soda.

Wapo pia wanaouza unga wa mdalasini na mafuta ya kila aina wakidai kuwa yanaondoa kisukari cha mimba. Dawa hupimwa kama tulivyoona hapo juu: watu mia wanapewa, mia hawapewi, kisha inahesabiwa. Asiyeweza kuonesha hesabu hiyo asimzuie mama kwenda kliniki.

Mjamzito na Ramadhani

Hapa ndipo jambo hili linapogusa ibada yetu. Kila mwaka wapo kina mama wenye kisukari cha mimba wanaofunga kwa siri, kwa kuona haya au kwa kuogopa kuonekana wavivu wa dini. Ruhusa ya mgonjwa imo wazi katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, na wanazuoni wameizungumzia pia hali ya mjamzito na anayenyonyesha anapochelea nafsi yake au mtoto wake. Kuhusu kulipa au kutoa fidia, wanazuoni wa madhehebu wana ufafanuzi wao, na kila mmoja amuulize shehe anayemwamini.

Upande wa tiba, mwongozo wa mwaka 2016 uliotolewa na Shirikisho la Kisukari la Kimataifa pamoja na wataalamu wa kisukari na Ramadhani, wengi wao wakiwa Waislamu, uliwaweka wajawazito wenye kisukari cha mimba wanaotumia insulini katika kundi la hatari kubwa sana, na wanaotumia chakula pekee au metformini katika kundi la hatari kubwa. Makundi yote mawili yalishauriwa yasifunge. Sababu ni kwamba mchana sukari huweza kushuka kupita kiasi, hasa kwa mwenye sindano, na magharibi ikapanda ghafla kwa futari. Na futari zetu tunazijua: tambi za sukari, kaimati, uji mtamu, viazi vitamu na juisi, vyote ndani ya nusu saa.

Mwanamke anayekubali ruhusa ya Mola wake hajapunguza dini yake. Na mume anayemkazia macho mkewe mgonjwa kwa sababu amekula mchana, anapaswa kujiuliza ni nani aliyempa mamlaka ya kuifunga ruhusa aliyoifungua Mwenyezi Mungu.

Baada ya kujifungua

Kosa kubwa ni kudhani kuwa mtoto akishazaliwa mambo yamekwisha. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2020 zilionesha kuwa mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara kumi ya kupata kisukari cha kudumu, akilinganishwa na ambaye hakupata. Kwa hiyo kipimo kirudiwe kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu.

Habari njema ni kuwa hapa kinga imethibitika zaidi. Katika jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, wanawake ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda na waliowahi kupata kisukari cha mimba walipunguza hatari yao kwa karibu nusu, ama kwa kupunguza uzito na kutembea, ama kwa metformini. Aidha, utafiti wa California uliochapishwa 2015, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 1,000, ulikuta kuwa walionyonyesha zaidi na kwa muda mrefu zaidi walipata kisukari kidogo katika miaka miwili iliyofuata. Huo haukuwa wa kugawanya kwa bahati nasibu, hivyo hauthibitishi kila kitu, lakini unakwenda sambamba na ile miaka miwili ya kunyonyesha tunayoisoma katika sura hiyo hiyo ya Al-Baqarah.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mjamzito aulize kliniki: "Je, nitapimwa sukari ya damu, na lini?" Aliye na umri wa zaidi ya miaka 35, mnene, mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, aliyewahi kujifungua mtoto wa kilo nne au zaidi, au aliyewahi kujifungua mtoto mfu, asingoje wiki ya 24. Aulize siku ya kwanza.

Pili, tuache kauli ya kula kwa ajili ya watu wawili. Mjamzito anahitaji chakula bora zaidi, na nyongeza yake ni ndogo. Soda na juisi za sukari ziwe za kwanza kuondoka mezani.

Tatu, kutembea kwa kasi nusu saa kunamtosha mwanamke asiye na katazo la daktari. Hakuhitaji ukumbi wala mavazi yasiyo ya stara. Mume aongozane naye baada ya Isha kama njia inamtia shaka.

Nne, fedha. Wanaume tunachanga kwa ajili ya harusi na hakika hatulali mpaka zitimie. Mashine ndogo ya kupimia sukari ya kidole na vijiti vyake inaweza kununuliwa na familia kwa pamoja, au na kikundi cha kina mama wa msikitini, na ikazunguka kwa wanaohitaji, kila mmoja akitumia sindano yake mpya.

Tano, maimamu na walimu wa madrasa za kina mama watenge darasa moja kabla ya Ramadhani na kumwalika mkunga au daktari. Waumini watasikia mimbarini jambo ambalo kliniki hawapewi nafasi ya kuliuliza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jaribio lile la Australia, ilibidi kuwatibu wanawake 34 ili kumwokoa mtoto mmoja na madhara makubwa. Msikiti mmoja wa mjini, kwa mwaka mmoja, huenda una wajawazito wengi kuliko hao. Mtoto huyo mmoja ni wa nyumba gani hakuna ajuaye ila Mwenyezi Mungu, na ndiyo sababu inatupasa tuwapime wote.

Wabillahi tawfiq.